Nkwimba Aliulizwa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla sijautua mzigo kichwani.

Ilikuwa kwenye kigango kimoja huko milimani Kilolo. Kigango, kwa wasiojua, ni kikanisa cha kijijini ambacho padri hufika mara moja kwa mwezi, mvua ikimruhusu. Siku nyingine zote anayekishika ni katekista: anafundisha wanaojiandaa kubatizwa, anaongoza ibada ya Jumapili, anazika wafu, anatembelea wagonjwa, na anapatanisha waliogombana kwa ajili ya mipaka ya mashamba ya viazi. Nilipofika nilikuta wazee wanne wamekaa kwenye benchi nje ya mlango. Nikawaamkia kwa Kihehe, "Kamwene." Hawakuitikia.

"Tuliomba katekista," mwenyekiti wa kigango akasema. "Wametuletea mke wa mtu."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mdomo wangu ulikuwa haujajifunza kunyamaza. Mpaka leo haujahitimu. Nikaitoa barua ya paroko, yaani padri mkuu wa parokia, nikaisoma yote kwa sauti, hata maneno ya kwenye muhuri nikayasoma. Halafu nikawaambia, "Baba zangu, mimi sikujileta. Mkitaka kunirudisha, nirudisheni. Lakini mmoja wenu anisindikize akamweleze paroko kwamba mmemkataa yeye, maana sahihi hii ni yake, siyo yangu."

Wakatazamana. Parokiani ulikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, na wingu lilikuwa limeshafunika mlima. Mzee mmoja akaanza kucheka peke yake. "Mkaribisheni binti ndani," akasema, "mvua hiyo inakuja." Basi nikaingia, na kazi ile nikaifanya miaka thelathini na minne.

Siku hizi nimestaafu, naishi Iringa na binti yangu, na vijana wanaosomea ukatekista huja kunitembelea. Wana simu zenye Biblia nzima ndani, mimi nilikuwa nayo moja yenye jalada lililoliwa na mchwa. Lakini swali wanaloniletea ni lilelile: "Bibi Konsolata, watu wakituuliza sisi Wakatoliki tunapata wapi mamlaka, tujibu nini?" Nawajibu kama nilivyofundishwa, halafu nawasimulia habari za Nkwimba, kwa sababu yale niliyofundishwa sikuyaelewa mpaka nilipomkosea yeye.

Chuoni mkufunzi wetu alikuwa mtawa mmoja mkali. Alitufundisha kwamba mafundisho ya Kanisa yanakaa juu ya mafiga matatu. La kwanza Maandiko Matakatifu. La pili Mapokeo, yaani yale ambayo Mitume waliyapokea kwa Bwana wakayakabidhi kwa waliowafuata, mengine kwa maandishi na mengine kwa mdomo na kwa matendo. La tatu Mamlaka ya Kufundisha, yaani maaskofu wakiwa pamoja na Papa, ambao kazi yao ni kulinda na kueleza hayo mawili, siyo kutunga mapya. "Ondoa figa moja," alikuwa akisema, "uone kama ugali utaiva."

Kule Kilolo nilikuwa na jirani, mwinjilisti wa Kilutheri, mtu mwema mno, aliyenisumbua kila Jumamosi. "Konsolata, sisi Neno linatutosha. Ninyi mnatafuta nini Roma?" Mimi namwambia, "Na orodha ya vitabu vyenye hilo Neno, nani aliipanga?" Yeye anasema, "Mungu." Mimi nasema, "Kwa mikono ya nani?" Mke wake anatoka jikoni na birika: "Jamani, chai inapoa." Tulibishana miaka tisa, hakuna aliyemgeuza mwenzake, na mtoto wake alipougua nilikesha naye mimi.

Paroko wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyelelewa misheni ya Tosamaganga tangu utoto, mwenye sauti ya chini kabisa. Siku moja nilikuja kwake nikijigamba kwamba kigango kizima kinanisikiliza. Akaniuliza, "Kinakusikiliza wewe au aliyekutuma?" Nikasema, "Si ni kitu kilekile, Baba?" Akatikisa kichwa. "Mitume walitumwa, wao wakaweka mikono juu ya wengine wakawatuma, na wale wengine hivyohivyo, mpaka kwa askofu wetu. Askofu akanituma mimi, mimi nikakutuma wewe. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyejituma. Ukianza kujituma, Konsolata, hata kama unasema kweli, unasema kwa jina lako." Niliitikia, "Ndiyo, Baba." Nikaondoka nikifikiri mzee amechoka.

Mwaka wa kumi mume wangu, fundi wa magari makubwa, alipata kazi Igawa, pale barabara kuu inapopita. Paroko akaniandikia barua ya kunikabidhi kwa mwenzake wa huko, na tukahama kutoka kwenye ukungu tukaenda kwenye joto la Usangu. Lo! Wiki ya kwanza nilidhani nimefungiwa ndani ya tanuri la matofali. Tambarare haina mwisho, mpunga huku, ng'ombe kule, na wafugaji waliotoka kaskazini na mifugo yao na watoto wao, Wasukuma kwa wingi. Kigango changu kilikuwa ng'ambo ya mto, na wakati wa masika mto ule ukijaa hakuna gari wala pikipiki inayovuka.

Huko ndiko nilikomkuta Nkwimba. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Alibatizwa akiwa msichana kwao kaskazini, lakini aliolewa kimila na Masanja, ambaye hakuwa Mkristo, na hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Kwa hiyo Nkwimba alikuwa hapokei Komunyo. Kila Jumapili alikuja wa kwanza, akafagia kanisa, akaimba kuliko kwaya, na padri alipokuja na Misa, wenzake wakapanga mstari kwenda kupokea, yeye akabaki amekaa kwenye mkeka akitazama mikono yake. Miaka ishirini na minane alikaa hivyo. Mimi nilimwona kwa miaka saba tu, na kila mara roho iliniuma.

Masanja alikuwa pande la mtu, na ng'ombe wake wengi, na maneno yake machache. Ilinichukua miaka mitano kumleta kwenye mafundisho. Alikuja, akakaa nyuma kabisa na fimbo yake katikati ya magoti, akasikiliza, na Pasaka ya mwaka uliofuata akabatizwa. Nkwimba siku ile alilia mpaka kitenge kikalowa. Ikabaki ndoa.

Paroko wa huko, wa pili katika maisha yangu ya kazi, alikuwa kijana, mwepesi kwenye pikipiki, asiyependa mchezo na karatasi. Ndoa ya Kikatoliki ina karatasi zake: vyeti vya ubatizo, mahojiano ya wachumba, tangazo linalosomwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme. Vyote nilivitayarisha mwenyewe, na sikukosea hata nukta. Paroko akavikagua, akasema, "Vizuri, Mwalimu." Huko Usangu katekista huitwa Mwalimu. "Nikirudi kutoka kwenye mafungo nitakuja kuwafungisha." Akaenda Mbeya kwenye mafungo ya mapadri, siku nane za sala, simu zimezimwa.

Alipoondoka tu, mbingu zikafunguka. Mto ukaanza kupanda. Wazee wakaupima kwa macho, wakasema siku nne, tano, halafu utafunga mpaka mwezi wa nne. Wakati huohuo akawepo kijijini padri mgeni, wa jimbo la mbali, aliyekuja kumsalimia dada yake. Padri mzuri, mchangamfu, anajua kuhubiri. Nikamtazama padri, nikautazama mto, nikamtazama Nkwimba. Nikajiambia, padri ni padri.

Jamani, chuoni nilifundishwa! Nilifundishwa, na nikafaulu. Padri anaweza kuadhimisha Misa popote, lakini kufungisha ndoa katika parokia isiyo yake hawezi mpaka apewe idhini na paroko wa mahali au na askofu. Ni idhini ya kweli, siyo adabu ya wageni. Bila idhini hiyo ndoa haishiki, hata padri awe mtakatifu wa namna gani. Nilijua. Ila nilikuwa nimeshaona mwenyewe jinsi siku ile itakavyokuwa, na jinsi watu watakavyosema, "Mwalimu Konsolata ndiye aliyefanikisha."

Nilipomwomba afungishe ndoa, padri mgeni, na hiyo ni sifa yake, aliniuliza. "Paroko anajua habari za ndoa hii?"

Nikamjibu, "Anajua, Baba. Karatasi zote amezikagua."

Sikudanganya, si ndiyo? Paroko alijua habari za ndoa. Hakujua habari za huyu padri. Yule mgeni aliposikia "anajua" akaelewa kwamba idhini ipo, na mimi nilimwona anavyoelewa vibaya, nikamwacha. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile nasikia aibu.

Ndoa ikafungwa Jumamosi. Watu walijaa mpaka nje, vigelegele vikaanza kabla maharusi hawajafika mbele. Nkwimba akapokea Komunyo. Alirudi mahali pake akatembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, hataki tone limwagike. Mimi nilijisikia askofu mdogo.

Paroko alirudi wiki mbili baadaye. Akauvuka mto kwa mtumbwi, kwa sababu gari lilishindwa, akaja kuhakiki kitabu cha ndoa. Akasoma mstari wa ndoa ya Nkwimba. Akausoma tena.

"Mwalimu, nani alimpa idhini huyu padri?"

Nikaanza kueleza habari za mto. Nikaeleza habari za mawingu, na wazee walivyopima maji, na simu yake ilivyozimwa. Akanisubiri mpaka maneno yakaniishia yenyewe.

"Kwa hiyo hakuna," akasema.

"Hakuna, Baba."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema wapo wataalamu wa sheria ambao wangeweza kubishana kwamba Kanisa lenyewe lilifidia kosa hilo kwa sababu watu wote waliamini padri ana mamlaka. "Lakini mimi siwezi kuiweka nyumba ya mama yule juu ya mabishano." Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, Nkwimba na Masanja waulizwe tena mbele yake na mashahidi wawili, wakubaliane upya. Ya pili, amwandikie Baba Askofu, naye ana uwezo wa kuiponya ndoa tangu kwenye mzizi, kwa barua, bila ya wao kurudia kitu.

Moyo wangu ukaruka. "Basi hiyo ya pili, Baba! Wala hawatajua."

"Hawatajua," akasema. "Na kwa nini wasijue?"

"Baba, mama huyu amengoja miaka ishirini na minane. Amepokea mara tatu. Nikamwambie arudi kukaa mkekani?"

"Kuna mambo ambayo Askofu huyaponya kimyakimya," paroko akasema, "pale penye sababu kubwa. Nitamwandikia nini? Kwamba sababu kubwa ni aibu ya katekista?" Akakifunga kitabu. "Sitakulazimisha. Fikiri mpaka kesho. Ukisema niandike, nitaandika na nitasema kweli yote. Ukisema utamwambia, nenda wewe mwenyewe. Usinitume mimi."

Usiku ule sikulala vizuri. Mume wangu akaniuliza, "Unaogopa kufukuzwa?" Nikamwambia ndiyo. Ni kweli, niliogopa wale wanaume wa kigango ambao mpaka wakati ule walikuwa wakisema mwanamke hawezi kazi hii. Lakini kilichonitesa zaidi ni Nkwimba na mikono yake juu ya magoti. Kusema kungemnyang'anya kitu alichokitamani kuliko chochote, na mikono itakayomnyang'anya ni yangu.

Asubuhi nikaenda. Nilimkuta uani anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, atoe siagi. "Tumsifu Yesu Kristu," nikasema. "Milele amina, Mwalimu, karibu, keti." Sikuketi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: idhini, swali la padri, jibu langu. Kibuyu kikaacha kutikisika.

"Kwa hiyo Jumapili sipokei," akasema.

"Hupokei, Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chao. "Mpaka paroko awaulize upya."

"Nimepokea mara tatu." Akanyoosha vidole vitatu akavitazama. "Tatu, Mwalimu."

Nikalia. Yeye hakulia. Akaniuliza, "Paroko amekutuma uniambie?"

"Hapana. Alisema nichague."

"Ungenyamaza, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Sasa kwa nini umesema?"

Nikamwambia neno la kwanza lililokuja. "Mimi ndiye niliyekufundisha imani, Mayu. Nikikuficha hili, mangapi mengine niliyokufundisha utajua kama ni kweli?"

Akaanza tena kusukasuka maziwa, kwa nguvu mno. "Ondoka hapa leo," akasema. "Njoo kesho."

Kesho yake nilikwenda kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nkwimba alikuwa ameketi palepale, na pembe za midomo yake zilikuwa zimeanza kupanda.

"Mwalimu, nimefikiri. Paroko akija ataniuliza tena kama namtaka Masanja?"

"Atakuuliza."

"Na nikisema simtaki?"

"Basi hakuna ndoa, Mayu."

"Hata kama paroko anaitaka?"

"Hata kama anaitaka. Padri anapokea tu maneno yenu kwa niaba ya Kanisa. Ndoa mnaifanya ninyi wawili."

"Na Askofu je?"

"Hata Askofu hawezi kukujibia."

"Na yule wa Roma?"

"Hata Baba Mtakatifu, Mayu. Ana mamlaka makubwa, lakini hilo hana. Alipewa alinde ndiyo yako. Hakupewa aiseme."

Nilikuwa nimeyasema maneno hayo kwa wachumba mara nyingi, kwa haraka, nikiwahi somo linalofuata. Siku ile niliyasikia. Nkwimba naye aliyasikia, maana alicheka mpaka akakiweka kibuyu chini.

"Kumbe! Miaka yote nilifikiri nangoja Kanisa liniruhusu. Kumbe nalo linaningoja mimi!" Akajifuta macho. "Sasa sikiliza. Masanja hajawahi kuniuliza kitu. Alitoa ng'ombe kwa baba yangu, baba akaniambia fungasha. Siku tuliyohama kuja huku, aliniambia asubuhi, mchana tukaondoka na ng'ombe. Hata kanisani ni padri ndiye aliyeniuliza, na mimi nikajibu upesi maana watu walikuwa wananusa pilau. Namtaka Masanja. Lakini aniulize yeye, kwa kinywa chake. Akishaniuliza, mwite paroko."

Jioni Masanja akanijia nyumbani. Akasimama mlangoni, akaujaza mlango wote.

"Mwalimu, umeniharibia nyumba."

"Ni kweli, Mzee wangu. Nisamehe."

"Mke wangu ananiita jirani."

Niliuma mdomo nisicheke. Akaomba nimfundishe maneno ya kumwuliza. Nikamwambia, "Sala zote nimekufundisha. Hili sikutumwa." Akaondoka akisonya.

Wiki tatu, jamani! Mto umejaa, na kijiji kizima hakina habari nyingine. Kwanza Masanja alimtuma kaka yake akamwulize kwa niaba yake. Nkwimba akampa kaka mtu uji, akamrudisha. Halafu akanunua kitenge kizuri cha Mbeya, akakiweka juu ya kigoda asubuhi bila neno. Nkwimba akakikunja: "Kitenge hakiulizi." Wachungaji wakaanza kusema mzee anazungumza na dume lake kubwa huko malishoni, analisogelea, anakohoa, anasema maneno mawili, anaghairi.

Na kila Jumapili katika hizo tatu, watu wakiimba na kufurahi, Nkwimba alikuwa amekaa kwenye mkeka wake. Kicheko kilikuwepo, lakini mimi nilimwona anavyoitazama tabernakulo, kile kisanduku tunachohifadhia Ekaristi. Jumapili ya tatu nikamwendea. "Mayu, inatosha. Mwonee huruma mzee. Jionee huruma na wewe."

"Nimengoja miaka ishirini na minane nikiwa sijui ninachongoja," akasema. "Wiki tatu hizi najua."

Siku iliyofuata alikuja mbio nyumbani kwangu, mikono bado ina maziwa. Masanja alikuwa amemkuta zizini anakamua. Akachuchumaa upande wa pili wa ng'ombe, hata uso wake hauonekani, akasema, "Nkwimba. Nilikutoa kwenu bila kukuuliza. Nikakuleta huku bila kukuuliza. Unataka kukaa na mimi?"

"Ukamjibu nini?" nikauliza, nimemshika mabega.

"Nimemwambia jibu atalipata kanisani. Na yeye angoje kidogo aone inavyokuwa. Mpigie paroko!"

Paroko alikuja siku iliyofuata kwa mtumbwi, viatu shingoni. Nilikuwa nimewaambia akina mama: vigelegele marufuku mpaka niseme. Kabla ya kuanza nikasimama mbele ya watu wote nikaeleza kosa langu, na kwamba padri yule mgeni hakuwa na hatia. Wanaume niliowaogopa walikuwa mstari wa mbele. Mmoja akasema, "Tumekusikia, Mwalimu. Keti, tunataka kusikia ya Nkwimba."

Masanja aliulizwa kwanza. Akasema ndiyo. Ikaja zamu ya Nkwimba. Paroko akamwuliza. Nkwimba akageuka akamtazama Masanja taratibu, kuanzia kwenye viatu. Yule mwanaume, ambaye simba hawakuwahi kumtoa jasho, jasho lilimtoka. Hakuna mtoto aliyekohoa. Mimi nilijua jibu, lakini pale ndipo nilipoona kwamba paroko na kanzu yake, na askofu aliyemtuma, na wote waliotuma kabla yao mpaka kwa Mitume, walikuwa wamesimama wanamngoja mama mmoja wa Usangu afungue kinywa.

"Ndiyo," akasema Nkwimba. "Namtaka."

Akina mama hawakunisubiri.

Kuhusu mimi, paroko alinizuia kushika kitabu cha ndoa kwa mwaka mzima, na akaniagiza niiandike habari yote kwa mkono wangu, ipelekwe kwa Baba Askofu. Niliiandika, kurasa sita, na aibu zote ndani. Nilidhani ndio mwisho wangu. Baada ya miaka michache nikahamishiwa parokia ya mjini Mbeya, kuwafundisha wachumba wa jimbo zima. Nilipomwuliza Baba Askofu kwa nini mimi, akasema, "Wengine wote wanaijua sheria ya idhini. Wewe unaiogopa." Nikafanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu, na hakuna mchumba aliyetoka kwangu bila kuulizwa swali hili: mwenzako amekuuliza, au mmeulizwa na wazazi?

Basi vijana wangu, mkiulizwa tunapata wapi mamlaka, yatajeni mafiga yote matatu kwa ufasaha, maana ni kweli, na kweli inastahili kusemwa vizuri. Utajeni na mlolongo wa kutumwa. Lakini mjue pia mamlaka yenu yanaishia wapi. Mimi nilijifunza hilo uani kwa Mayu, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilikuwa naona aibu kuketi.

Masanja sasa ni mzee sana, na masikio yamemchoka. Nkwimba hunipigia simu kila mwaka mwezi wa pili, kunipa habari. Tangu mwaka ule, siku ileile, Masanja huenda zizini asubuhi na kumwuliza tena. Hakuna aliyemwagiza. Mwaka huu alikwenda na mkongojo, akashikiliwa na mjukuu.

"Hasikii kitu siku hizi, Mwalimu," Nkwimba akaniambia. "Aliniuliza vizuri, lakini mimi ikabidi nijibu kwa kupiga kelele. Kijiji kizima kimesikia."

"Umemjibu nini mwaka huu?"

"Nimemwambia angoje nimalize kukamua."

"Na akangoja?"

"Bado amekaa pale," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Amekaa palepale kwenye baridi ya asubuhi, Mwalimu, ananitazama mdomo."